Wimbo wa Nyemo: nilivyomfutia jina mpiga zeze wa Kigogo hapa London

Wakuu, heshima zenu wote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu jukwaani miaka mingi. Nasoma nyuzi zenu kwenye basi, nacheka peke yangu, napita. Leo nimeamua kuandika, maana kuna jambo nimelibeba muda mrefu, na mtu niliyemkosea hayupo tena. Sina wa kumpamba wala wa kumwogopa. Atakayesema hii ni chai ya kutunga, sawa, anywe tu. Mimi nilikuwepo.

Jina langu ni Deus, Mhaya wa Bukoba. Ndiyo, ni jina langu halisi, mods msishtuke. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini siwezi kusimulia habari hii nikiwa nimejificha nyuma ya ID.

Twende taratibu.

Nilikuja Ukerewe, yaani hapa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya tisini kusoma. Shule ikanishinda mwaka wa pili, nikaishia kubeba maboksi kwenye warehouse moja Edmonton kama wenzangu wengi. Nyumbani waliendelea kuamini nasoma. Mkuu anayejua maisha ya huku hatanishangaa.

Kitu pekee nilichobaki nacho cha kujivunia kilikuwa Kiingereza. Wahaya mnatujua. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kugombana na landlord kwa barua ya kurasa tatu, na nilipenda kila mtu ajue hivyo. Watu wa kwetu wakipata barua ya Home Office, wale wa uhamiaji, au ya council wanakuja kwangu. Nasoma, natafsiri, nakaa mguu juu ya mguu. Hapo ndipo nilipokuwa najiona mtu.

Sasa siku moja, Jumamosi mchana, tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara ukumbi mmoja wa kanisa Tottenham. Pilau, soda, muziki wa dansi. MC akatangaza dakika tano za utamaduni. Akasimama bwana mmoja mrefu, mwembamba, koti la suti limemzidi mabega, mkononi ana zeze.

Wakuu, niseme ukweli, watu waliendelea kula. Hata mimi. Tulikuwa tunasubiri zipite zile dakika tano DJ arudi.

Jamaa akaegemeza zeze, akapitisha upinde kwenye nyuzi, akaanza kuimba kwa sauti ya juu sana ambayo hukuitegemea kutoka kwenye mwili ule. Hakuangalia kama tunasikiliza. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anagawa vinywaji aliweka trei chini, akasimama hapohapo mpaka jamaa akamaliza.

Baadaye nilikwenda kumsalimia. Akaniambia anaitwa Ndahani, Mgogo wa upande wa Bahi, Dodoma. Alikuja na kikundi cha ngoma kwenye tamasha, wenzake wakarudi, yeye akabaki na mkewe. Asubuhi anasafisha ofisi mjini, mchana anapiga zeze popote atakapoitwa. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, kwa hiyo nikawa namwita kaka. Yeye aliniita Mhaya tangu siku ile.

"Mhaya, nasikia wewe unajua kuandika barua," akasema. "Kuna shule wananiita nikawapigie watoto, sielewi wanataka nini."

Ndivyo nilivyokuwa manager. Hakuna mkataba, hakuna kitu. Nilisoma barua moja tu, nikajipa cheo.

Nilimfanyia kazi kwa moyo, hilo nisijinyime. Nilimpeleka mashuleni, kwenye library, kwenye matamasha ya kiangazi ambako Wazungu wanakaa kwenye majani na watoto wao. Yeye anapiga, mimi nashika microphone naeleza. Nilikuwa naeleza sana. Wakati mwingine maelezo yangu yalikuwa marefu kuliko wimbo.

Kuna kipindi kibuyu cha zeze kilipasuka, kwa sababu baridi ilipoanza alikitundika karibu na radiator ya kupashia chumba joto. Alilia machozi kabisa, mtu mzima. Tulizunguka maduka ya Fore Street kutafuta gundi, na muuzaji Mturuki akatuuliza tunagundisha nini. Ndahani akamwambia kwa Kiingereza chake kidogo, "My mouth." Tukakigundisha. Sauti ikarudi, na yeye akadai imekuwa nzuri kuliko mwanzo, ingawa nadhani alikuwa anajifariji.

Nisichokuwa nakielewa kipindi kile ni kwamba yule bwana alikuwa mtunzi. Alikuwa anatunga akiwa anasukuma mop, anatunga kwenye basi la 279, midomo inacheza hata abiria wanamhama. Alinieleza siku moja kwamba wimbo unamjia vipande vipande, akikosa neno moja anakaa nalo wiki nzima. Nilimsikiliza kwa sikio moja tu. Kwangu mimi mtunzi alikuwa mtu wa bendi, au mshairi wa gazetini. Zeze lilikuwa zeze.

Wakuu wa umri wangu mtakumbuka tulivyolelewa. Redioni wanatangaza, "Na sasa ngoma ya Wagogo kutoka Dodoma." Sikukuu za kitaifa uwanjani, "Kikundi cha ngoma kutoka Kagera." Mwanamuziki wa dansi anatajwa jina lake, la baba yake na la bendi yake. Mtu wa zeze anatajwa mkoa. Nilikua hivyo, na sikuwahi kuona kama kuna tatizo.

Halafu mkewe akajifungua mtoto wa kike. Wakampa jina Nyemo, la Kigogo, maana yake furaha.

Siku ya tatu nilikwenda kuwaona kwenye flat yao, estate moja pale Edmonton, ghorofa ya nne. Tulikuwa watu wanne tu ukiacha mtoto: Ndahani, mkewe, dada mmoja jirani wa Kikongo, na mimi. Nje theluji. Ndahani akachukua zeze akasema ametunga wimbo wa kumpelekea mama yake habari kijijini, kwamba mjukuu amezaliwa. Atarekodi kwenye kaseti, kaseti itapelekwa na mtu anayesafiri.

Akaimba. Mama Nyemo akawa anaitikia kitandani. Sielewi Kigogo, ila alinitafsiria kwa Kiswahili baadaye. Wimbo unamwambia bibi asihesabu siku kwa mvua, maana huku mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha tu. Unamwambia kwamba mtoto amekuja na vidole vya bibi yake. Sasa ninapoandika hapa nasikia aibu, maana hata wakati ule niliona ni maneno mazuri.

Mwishoni kabisa zeze likatulia kidogo na yeye akaanza kutaja majina, kama anaongea. Nikalisikia la kwangu humo ndani, "Deusi Muhaya." Nikacheka.

"Kaka, na mimi umeniweka?"

"Wimbo ukizaliwa unatajwa," akanijibu. "Nani kautunga, ni mtoto wa nani, kamwimbia nani, na nani walikuwepo wakasikia wa kwanza. Usipotaja, wimbo unakuwa kama mtoto aliyeokotwa."

Akanitajia: aliyeimba ni Ndahani, mtoto wa mama Mbeleje wa Bahi. Aliyeimbiwa ni Nyemo, aliyezaliwa kwenye baridi. Walioanza kusikia ni mama yake, jirani wa Kongo, na Deusi Mhaya. Nikasema asante, nikala ugali, nikaondoka. Shikeni hapo wakuu, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Kama mwaka na kitu ulipita. Kwenye tamasha moja akatufuata Mzungu mmoja anaitwa Colin. Alikuwa na studio ndogo basement ya nyumba yake na alitoa CD za muziki wa nchi mbalimbali, CD chache chache. Mtu mpole tu, sina neno baya naye. Akataka kumrekodi Ndahani.

Ndahani hakulala vizuri wiki ile. Alinyoa, akavaa suti ileile. Tukaingia basement, akapiga nyimbo tisa, na wa mwisho ukawa wa Nyemo.

Ulipoisha Colin akasema ni wimbo bora kuliko yote lakini mrefu mno. Akaniuliza ile sehemu ya mwisho ya kama kuongea anasema nini.

Na mimi, Deus, nikajibu kwa Kiingereza changu kizuri: "Oh, that's just names. You can cut it."

Majina tu. Kata.

Ndahani alikuwa amekaa kwenye kiti anafuta nyuzi kwa kitambaa. Akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia amesifia sana. Ambayo ni kweli, Colin alikuwa amesifia.

Kisha ikaja form. Kila wimbo na mstari wake: jina la wimbo, aliyetunga. Colin ameshika kalamu, ananiuliza, "And who wrote this one?"

Wakuu, nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikusema tu, "Huyu hapa." Alikuwa mita mbili kutoka nilipokaa. Nilijua wimbo ule umetungwa lini, wapi, na kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimekula ugali wao siku ile!

Lakini nilishamsoma Colin. Nilishaona macho yanavyomng'aa nikitaja mababu. Nikataka kumfurahisha, na nikataka nionekane mjuzi wa mila. Basi nikajiweka sawa kwenye kiti nikamwambia hakuna aliyeutunga, ni wimbo wa asili, bibi zetu walikuwa wakibembelezea watoto tangu karne na karne.

Colin akatikisa kichwa kwa heshima. Akaandika "Traditional". Na kwa kuwa tulishaanza hivyo, nyimbo zote tisa zikaandikwa hivyohivyo. Chini kabisa akaniuliza jina langu kamili, anitaje kama mtoa maelezo. Nikamtajia herufi kwa herufi ili asikosee.

CD ilipotoka juu kulikuwa na picha ya jua linazama na mti mmoja wa miiba, sijui ni wa nchi gani. Ndani picha ndogo ya Ndahani na neno "Ndahani" tu. Alifurahi sana. Alimwekea mkewe, wakacheza sebuleni. Wimbo wa Nyemo ulipofika mwisho, sauti ikafifia taratibu ikapotea kabla ya majina.

Akaniangalia. "Mbona imekatika?"

"CD za huku ndivyo zinavyofanywa, kaka. Muda unakuwa hautoshi."

Akakubali. Aliniamini kama vile ambavyo ungemwamini daktari. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ile form.

Miaka ikaenda. Tukaingia elfu mbili. Ndahani aliendelea kupiga, ila mialiko ilipungua, vijana wa kwetu waligeukia muziki mwingine na shule zikatafuta wa ngoma kubwa za kupigwa kwa mikono. Akaongeza zamu za usafi. Mimi nikahamia Woolwich, nikawa carer wa kutunza wazee, tukawa tunaonana sikukuu.

Nyemo alikua mtoto wa London. Kiswahili anaelewa chote, Kigogo anaelewa kwa mama yake, lakini ukimwuliza chochote anakujibu Kiingereza. Baba yake akishika zeze anakwenda chumbani kwake. Ndahani alikuwa anasema kwa utani kwamba ana shabiki mmoja tu nyumbani naye ni paka wa jirani. Ila ukimwangalia usoni uliona hakuwa anatania.

Siku moja Jumapili akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mhaya, njoo. Kuna karatasi nataka unisomee."

Nikachukua treni, nikapanda basi, nikafika mchana. Nikamkuta jikoni na mkewe, Nyemo kakaa mezani na sare ya shule ingawa ni Jumapili, nadhani alikuwa anafanya mazoezi ya concert. Alikuwa na miaka tisa hivi. Mezani kuna karatasi iliyotolewa photocopy. Maneno ya Kigogo yameandikwa kwa matamshi ya Kizungu, na juu yake: "Traditional song, Tanzania."

Ndahani akanieleza. Ijumaa mtoto alirudi kutoka shuleni anaimba wimbo. Yeye alikuwa anavua viatu, akasimama na kiatu kimoja mguuni. Ni wimbo wake! Akamkumbatia mtoto, akamwambia, huo wimbo nimeutunga mimi, nimekutungia wewe. Mtoto akamwangalia.

Nyemo akaingilia palepale, bila ubaya wowote, kama anasahihisha hesabu. "But you didn't make it, Dad. You just sing it. Miss said it's traditional. It means nobody wrote it."

Ndahani hakuhitaji mkalimani kwa hilo. Alikuwa ameshaambiwa mara kadhaa tangu Ijumaa. Akanisukumia karatasi.

"Soma. Imeandikwa hivyo kweli?"

Nikasoma. Mama Nyemo ananiangalia, Ndahani ananiangalia. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikasema, "Kaka, hawa Wazungu bwana. Unawajua. Wanachukua vitu vyetu."

Nilimsingizia Mzungu, wakuu. Na ni rahisi kweli, maana kila mtu mezani pale alikuwa tayari kuamini.

"Basi kesho tunakwenda shuleni," akasema Ndahani. "Wewe utaongea. Mimi sitaki kitu kwao, sitaki hata samahani. Nataka mwalimu amwambie huyu mtoto mbele yangu kwamba baba yake ndiye mtunzi. Akiambiwa na mimi haamini. Akiambiwa na mwalimu ataamini."

Nikaitikia. Ningefanyaje?

Jumatatu baada ya masomo tukaenda, Ndahani na ile suti, Nyemo katikati yetu anaona aibu. Mwalimu wake alikuwa binti mdogo tu. Kumbe alikuwa hajawahi kumwona baba mtu, maana mama ndiye aliyekuwa anamfuata mtoto, na shuleni Nyemo anatumia jina la ukoo. Alipomwona Ndahani akashika mdomo. Alikuwa anamjua kwenye ile picha ndogo. Akafungua kabati akatoa CD, jua linazama na mti wa miiba, akasema aliinunua kwenye tamasha miaka ya nyuma na ndiyo aliyowafundishia watoto.

Nikaanza hotuba yangu. Haki, utamaduni, heshima. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, uso unamwiva. Kisha akafungua kile kikaratasi cha ndani ya CD, akasema kwa upole kwamba aliandika kama alivyokuta. Akaweka kidole. Words and music: traditional. Akashuka chini zaidi kusoma ni nani aliyetoa maelezo, akasoma jina langu lote, na kulitamka sawasawa, maana nilikuwa nimelitaja herufi kwa herufi.

"Is that someone you know?" akaniuliza.

Ndahani alisikia jina langu. Akageuka. "Mbona anakutaja wewe?"

Wakuu, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Katika chumba kile hakukuwa na mtu mwingine wa kumtafsiria. Ningeweza kusema chochote na angeniamini, kama miaka yote. Nyemo alikuwa ameinua macho ananitazama, na yeye alikuwa anaelewa lugha zote.

Nikasema. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Kaka, ni mimi. Colin aliniuliza nani katunga nikasema hakuna. Na ule mwisho wa majina, mimi ndiye niliyesema ukatwe."

Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu. "Nilikuwa nimekaa wapi?"

"Pembeni yangu."

Nilitamani anitukane, nilitamani hata anipige. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Mwambie mwalimu kwamba wimbo una mwisho wake ambao hawajaufundishwa. Mwambie nitamfundisha Nyemo, Nyemo atawafundisha wenzake." Nikatafsiri neno kwa neno. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kweli kwa mtu yule. Kisha nikamgeukia mwalimu nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mtunzi ni huyu, na mtoto aliyetungiwa ni huyu. Nyemo alimwangalia baba yake muda mrefu, halafu akamshika mkono wa koti.

Baada ya hapo hakunipigia simu. Nikipiga mimi, anapokea mkewe, anasema yuko kazini. Nilimwandikia Colin barua kumweleza ukweli. Akajibu kwa masikitiko kwamba CD zimekwisha na hatarajii kuchapa nyingine, ila amerekebisha kwenye karatasi zake. Nilimpelekea Mama Nyemo ile barua. Sijui kama Ndahani aliisoma.

Kiangazi ikaja concert ya shule. Mama Nyemo ndiye aliyenialika. Nilikaa nyuma kabisa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamenifika kidevuni.

Watoto waliimba, Ndahani akipiga zeze pembeni. Wengine Waturuki, wengine Waghana, Wajamaika, wote wanaimba Kigogo. Walipofika pale ambapo CD inafifia, hawakufifia. Zeze likatulia, Nyemo akasogea mbele peke yake, na akaanza kutaja.

Nililisikia jina la baba yake. Nililisikia la bibi yake, Mbeleje. Lake mwenyewe. Mama. Jirani wa Kongo. Nikainamisha kichwa, maana nilikuwa nimeshajiandaa kwamba nimeondolewa, na niliona ni haki yangu.

Halafu nikasikia, "Deusi Muhaya," na baada yake maneno mengine ambayo hayakuwepo siku ile ya theluji.

Wazazi wakapiga makofi. Nikamsubiri Nyemo kwenye korido, nikamwuliza yale maneno mapya maana yake nini. Akafikiri kidogo jinsi ya kuyaweka.

"It says Deus was there, he heard it. And then he said it had no father."

Baba yake alikuwa anakuja nyuma na zeze kwenye mfuko. Ilikuwa mara ya kwanza tunasimama karibu tangu siku ya mwalimu. Nikamwuliza, "Kaka, kwa nini hukuniondoa tu?"

"Ulitaka nidanganye?" akasema. "Ulikuwepo."

Hatukurudi kuwa kama zamani, nisiwadanganye. Ila alianza kuniita Mhaya tena. Nyemo naye akaacha kwenda chumbani baba yake akishika zeze. Alianza kwa kukaa mlangoni, kisha kwenye kochi, kisha akawa anaitikia. Kila wimbo aliotunga Ndahani baada ya hapo, alimwandikisha binti yake kwenye daftari la shule: jina la wimbo, siku, waliokuwepo. Mara mbili tatu aliniita nikasikilize wimbo mpya. Nilikwenda mbio, hata kama nimetoka zamu ya usiku.

Ndahani alifariki mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, kwa figo. Mwili ulirudishwa Bahi. Kabla ya safari tulikutana ukumbi uleule wa kanisa Tottenham, mchana, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Safari hii hakuna aliyekuwa anakula.

Nilikuwa nyuma nasaidia chai. Nyemo akanijia, binti mrefu sasa, mwembamba kama baba yake, zeze lile la gundi mkononi. Akaniambia wamemwomba aimbe ule wimbo. Ukumbi una Wagogo wengi waliotoka mpaka Reading na Birmingham, wataelewa kila neno. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uncle, do you want me to skip your bit?"

Mtoto ana heshima. Alitaka kunistiri.

Nikamwambia, "Imba mpaka mwisho, mwanangu. Usikate kitu."

Akaimba mpaka mwisho. Alipofika kwangu, mama mmoja mtu mzima wa Kigogo aliyekuwa kanishikia vikombe akageuka, akaniangalia juu mpaka chini.

"Huyo Deusi ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi," nikamjibu, nikaendelea kumimina chai.

Basi wakuu, habari yenyewe ni hiyo. Somo nililolipata ni dogo: siku ile sikuhitaji Kiingereza kizuri wala elimu, nilihitaji kunyoosha kidole nimwonyeshe mtu aliyekuwa amekaa pembeni yangu. Nilishindwa.

Nawaomba kitu kimoja kwenye comments. Kila mtu aweke wimbo mmoja wa kwao, wa harusi, wa jando, wa kulima, wowote, na aandike jina la aliyeutunga. Kama hulijui jina, usiniandikie kwamba ni wa asili. Piga simu nyumbani kwanza, uulize nani alikuwepo.